Buti za Raba za Eulalio

Jumanne, 4 Machi 2025

Eulalio wangu,

Leo nimepigwa mawimbi ya mshtuko kliniki, tiba ya nyonga. Nyonga ile ile ya kushoto, upande wa nje. Tangu mwaka ule tuliokuzika haikubali kulaliwa. Kwa hiyo kila nikilala nakupa mgongo – mimi niliyelala nikikutazama miaka thelathini na moja! Upande wako ni mtupu, najua. Hata hivyo naona vibaya.

Waliposema mshtuko, nikajua ni shoti ya umeme. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema kila ukishuka nguzo ya umeme kazini: bila raba miguuni, usiguse kitu. Nikavaa buti zako. Namba arobaini na tatu! Dada yangu Zunilda alikuwa mlangoni na kikombe chake cha terere, chai yake ya baridi.

“We Obdulia, unakwenda kuvua samaki?”

Fizio anayenitibu viungo ni binti mpole, Liz Mabel. Alicheka mpaka akashika ukuta, ila kwa heshima akaniita Ña. “Ña Obdulia, hakuna umeme hapa! Mashine inagonga tu, kama kinyundo.” Akapaka jeli ya baridi, akagonga. Tak-tak-tak! Mara elfu mbili. Niliuma leso yako.

Jumanne, 11 Machi

Mara ya pili. Bado inauma. Nimekatazwa kukunja nne, nimekatazwa kulalia kushoto kwa sasa. Niweke mto katikati ya magoti, anasema. Mto wa ziada ni wako tu. Samahani – na usicheke.

Jumanne, 18 Machi

Nilivaa viatu vyangu. Liz Mabel akauliza, “Buti ziko wapi? Nilishazizoea.”

Nimepanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta! Mara moja tu.

Jumanne, 25 Machi

Ya nne, ya mwisho. Nilivaa buti. Liz Mabel akapiga makofi. Nikamwuliza ni lini nitalala tena nikimtazama mume wangu. Alidhani u hai.

“Mwambie avumilie, Ña Obdulia. Wiki sita, pengine miezi mitatu. Jaribu kidogo kidogo.”

Sikumsahihisha. Nimekuletea ujumbe wake.

Sasa ni saa nane mchana, mji mzima wa Villarrica umelala kwa joto. Nimelalia kushoto. Mto nimeurudisha mahali pake, daftari liko upande wako. Dakika nne... tano. Maumivu yanabisha hodi – sijafungua. Nikigeuka, usidhani nimekupa mgongo.

Nikumbuke, Eulalio.