Baba Niliyemwita Jirani

Kambi ya wafanyakazi, Mwadui
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Naamini barua hii itakukuta una nguvu zako, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa palizi limepoa. Mtama mmeuokoa na ndege mwaka huu? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Sisi huku hatujambo. Raheli amepata nguvu tangu ajifungue, anakwenda bombani mwenyewe, na mjukuu wako ananyonya mpaka usingizi unamchukua. Mimi bado niko kwenye mtambo wa kuosha kokoto. Mvua bado zinanyesha, vumbi limetulia, lakini kikohozi hakijaniacha, hasa asubuhi.

Barua yako uliyoandikiwa na Mwalimu imefika. Umeuliza kwa nini Baba alirudi upesi, wakati ulimfungashia akae kwetu mpaka mwezi uandame. Unasema alikujibu kwamba makelele ya mitambo yalimnyima usingizi. Tena unasema kila mgeni anayepita anamsimulia kanisa letu, na jinsi mwanawe anavyoheshimiwa. Mama, niliposoma maneno hayo nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, Raheli asinione uso. Baba alilala vizuri kabisa hapa. Hakukimbia mitambo. Alinikimbia mimi, na hata huko nyumbani bado ananifunika. Ndiyo maana nakuandikia mwenyewe ilivyokuwa.

Alifika bila taarifa, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka zamu. Nikaitwa getini kwamba kuna mzee anauliza mtu anayeitwa Daudi. Nilimkuta amechuchumaa kando ya waya, kibuyu cha asali begani, jogoo kwapani, miguu yote vumbi. Mlinzi akaniuliza, "Huyu ni nani wako?" Nikasema, "Ni baba yangu mzazi." Nililisema kwa furaha, Mama, maana sikutegemea kumwona. Baba akacheka, akanisalimu kwa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka," ingawa jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alisema tangu ashuke kwenye gari moshi pale Shinyanga kichwa chake kimekataa kutulia, hajui tena asubuhi ni ipi.

Siku zile za kwanza zilikuwa njema. Alimpakata mtoto mchana kutwa. Raheli alimpikia ugali wa mtama, naye akamshukuru, "Wabeja, binti yangu, umenipikia kama nyumbani." Alisema amekuja kumpa mjukuu jina, ila hataki kuharakisha, anataka kwanza amtazame vizuri ajue ni nani katika wazee wetu aliyerudi.

Sasa nikueleze habari ya kanisa, maana hapo ndipo nilipoangukia. Wakristo wa kambi hii tumetoka kila upande: Wanyamwezi, Wahaya, Wanyiramba, na Wasukuma wenzetu. Kanisa letu tumelijenga wenyewe baada ya zamu, matofali tumefyatua kwa mikono yetu. Ukiugua, watu wa kanisa ndio wanaokuletea uji. Raheli alipojifungua, akina mama wa usharika walifua nguo zetu mpaka alipopata nguvu. Huku mbali na kwenu, Mama, hao ndio ndugu. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuwafundisha wanaojiandaa kubatizwa, na mwaka huu wakanichagua niwe mzee wa kanisa. Mchungaji wetu anakaa mbali, na huja mara chache kutoa Meza ya Bwana. Jumapili ile ndiyo angekuja kuniwekea mikono.

Kwa kawaida mchungaji huuliza nyumba ya anayefanywa mzee ikoje. Kama kuna pombe, kama kuna matambiko. Mimi nilikuwa nimewafundisha watu mambo hayo kwa ukali. Na asubuhi ya Jumamosi, Baba alitoka mlangoni na mtoto mikononi, akachukua maji kinywani, akayapuliza kuelekea jua linapotoka, akawataja marehemu Babu na wazee wetu waliotangulia, akawaomba wamlinde huyu mdogo. Wakati huo huo akina mama wa kanisa walikuwa wanapita na ndoo zao. Walisalimu wakaenda zao. Lakini mimi nilisikia uso unaniwaka.

Nikamwambia, "Baba, hapa watu ni wa kanisa."

Akaniangalia. "Na mimi nimeomba. Nimemwombea mtoto wako. Kuna ubaya?"

Sikumjibu. Ningemjibu, tungezungumza kama watu wazima, labda yaliyofuata yasingetokea. Badala yake nikaanza kupiga hesabu moyoni ya nani ameona na nani atasema.

Jumapili asubuhi Baba alikuwa ameamka kabla yetu. Alikuwa amejifunga ile shuka yake nyeusi ya sherehe, amevaa vikuku vyake vya shaba, na kifuani lile kombe jeupe, gamba la baharini analovaa akienda kutambika. Alikuwa amejipaka samli. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema, "Si leo unafanywa mzee? Mtoto wangu awekwe mzee, mimi nikae nyumbani na kuku?"

Nikamwomba avue kombe. Akasema, kwa upole tu, "Nikivua, nitakuwa nani?" Raheli akaniangalia kunionya, lakini nilichukua kofia yangu nikatangulia, nikasema wanawake na wageni watanikuta.

Mama, walinikuta nimekaa mbele na wazee. Baba aliingia na Raheli, akakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Watu wakageuka kidogo. Ibada ikaendelea, tukaimba. Ulipofika wakati wa kukaribisha wageni, mchungaji akatazama nyuma akauliza, bila ubaya wowote, "Yule mzee wetu ni mgeni wa nani?"

Baba akainua uso akanitazama, na alikuwa anatabasamu, anangoja. Nikasimama. Nikasema, "Ni mzee wa kijijini kwetu. Jirani. Amepita tu."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyeniambia baba yangu asipobatizwa sitawekewa mikono. Niliyatunga mwenyewe, nikayasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

Mchungaji akamgeukia, akamwuliza kama ametoka mbali. Baba akasimama polepole. Nilidhani atasema. Akasema, "Nimetoka mbali, ndiyo. Huyu kijana ni wa kwetu, anatoka katika watu wazuri. Mimi nimepita tu." Kisha akakaa.

Nikapiga magoti, nikawekewa mikono. Watu wakaimba kwa furaha, na mimi nikaimba.

Tuliporudi nyumbani Baba alikula kama kawaida, akampakata mtoto, akamwuliza Raheli habari za wazazi wake. Nilizunguka zunguka nikitafuta la kusema, nikaishia kutengeneza mguu wa kiti ambao haukuwa mbovu. Kesho yake akafunga mzigo wake. Raheli akamwambia, "Baba, mtoto bado hana jina lako." Akajibu, "Ana lile la kanisani. Linatosha kwa sasa."

Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Nilitaka anitukane, Mama. Ningepigwa fimbo mbele ya watu wote wa kambi, ningeshukuru. Aliweka mkono begani kwangu akasema, "Rudi kazini, utachelewa." Lori likaondoka.

Siku ile Raheli hakunigombeza. Aliniambia jambo moja tu, akiwa anaosha vyombo, hata hakuniangalia: "Uliposema vile nilijiuliza, siku moja ukiulizwa mimi ni nani wako, utasemaje."

Tangu hapo nimeishi vibaya. Nilikaa benchi la wazee, nikapitisha sahani ya sadaka, nikawatembelea wagonjwa, watu wakaniita Mzee Daudi, na kila nilipoitwa mzee nilimwona mzee mwenyewe amekaa karibu na mlango. Nilikumbuka mambo ambayo nilikuwa sijayafikiri kwa muda mrefu. Nilikumbuka alivyonivusha mto uliofurika kwa mgongo wake ili nifike shule ya misheni, na wenzake wakimcheka kwamba anampeleka mwanawe kwa Wazungu badala ya kumwacha achunge ng'ombe. Yeye ndiye aliyenipeleka nikajifunze habari za Mungu, Mama, na hakuwa anamjua huyo Mungu kwa jina tulilofundishwa sisi.

Kilichonivunja ni darasa langu. Tulikuwa tunajifunza amri ya kuwaheshimu baba na mama. Yupo mama mmoja mtu mzima, Mama Kabula, anauza maandazi karibu na geti, bado hajabatizwa. Akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na baba ambaye hajabatizwa, naye anaheshimiwa? Au amri ni ya wazazi wa kanisani?"

Nikasema, "Ndiyo, anaheshimiwa." Kisha nikafunga kitabu. Nikawaambia kikohozi kimenizidi, tukafunga darasa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Eliya. Huyu ni Mnyamwezi, ndiye mkubwa wa wazee wa usharika, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Nikamkuta anapiga randa. Nikamwambia, "Mzee, yule mgeni hakuwa jirani. Ni baba yangu."

Akaendelea kupiga randa. Akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Watu wote wanajua. Mlinzi wa geti anaimba kwaya, amesahau ulivyomwambia? Na hata ukimwacha mlinzi, pua ni moja, mwendo ni mmoja."

Nikamwuliza mbona hawakusema kitu wakati ule. Akaweka randa chini. "Kwa sababu na sisi ilitufaa," akasema. "Tulitaka mzee kijana, anayesoma vizuri, nyumba yake safi. Wewe ukatupa tulichotaka, tukapokea. Usidhani ulikuwa peke yako mle ndani."

Nikamwambia nataka kutubu kwake, tumalizane. Akatikisa kichwa. "Ulisema mbele ya watu. Utarudisha mbele ya watu."

Basi Jumapili iliyopita nilisimama. Nikasema, "Mzee aliyekaa pale nyuma ni Lushinge, baba yangu aliyenizaa. Nilimkana mbele yenu kwa sababu niliona haya na nilitaka cheo. Hakuna aliyenituma." Nikasema siwezi kukaa benchi la wazee, na nikaomba nisipewe Meza ya Bwana mpaka nimekwenda kwake.

Walinipokea, Mama. Mzee Eliya alisimama akasema naye alinyamaza na anaomba msamaha. Wanawake wengine walilia. Wapo pia waliokasirika, mmoja akasema nimelichafua kanisa mara mbili, kwanza kwa uongo, tena kwa kuusema. Huenda ana haki. Lakini wengi walinishika mkono na kuniambia nimesamehewa. Nilirudi nyumbani mzigo ukiwa pale pale. Hao walionisamehe sio niliowakosea zaidi. Leo nimetoka ibadani, mchungaji alikuwa amekuja, nimewaangalia wenzangu wakienda mezani, nami nimebaki nimekaa. Ni haki yangu kubaki. Raheli aliporudi kukaa aliweka mtoto mapajani kwangu.

Nisikufiche, Mama, bado sijui nifanye nini na lile kombe la Baba. Siwezi kusema moyoni kwamba matambiko ni sawa, imani yangu haijabadilika. Lakini nimejua kwamba jambo lile halikuwa imani. Mtu mwenye imani angesema, "Huyu ni baba yangu, hajabatizwa, mwombeeni kama mimi ninavyomwombea." Maneno hayo si marefu. Ningeweza kuyasema.

Sasa nina ombi kwako na kwa Mwalimu anayekusomea. Mwalimu, najua utafika hapa utataka kusoma kwa sauti ya chini, au kuiweka mpaka watu watawanyike. Nakusihi usifanye hivyo. Waiteni majirani, uiteni na ukoo, Baba akiwepo, na uisome yote kwa sauti. Huku nimeshalisema, lakini watu wa huku wanamjua kwa siku chache tu. Nyie wa huko ndio mnaojua ni mtu gani niliyemkana.

Nimeomba ruhusa kazini, nikipewa tutakuja wote watatu kabla ya mavuno. Baba akitaka kunipokea, tutafikia nyumbani. Akikataa, tutafikia kwa Mwalimu, na nitakwenda kumsalimu kila asubuhi mpaka aseme vinginevyo. Usimshawishi, Mama. Nakuomba sana. Mwache ajibu kama moyo wake ulivyo.

Nisalimie Bibi mzaa Baba, mwambie mjukuu wake hajasahau hadithi zake. Nisalimie shangazi wa Buseresere na watoto wake, na mjomba anayechunga kule Chato akija kuuza ng'ombe. Dada yangu mdogo mwambie Raheli amemshonea gauni, atalileta. Mwalimu na mkewe wapokee salamu za heshima. Mzee Eliya naye, ambaye hamjawahi kumwona, amesema niwaandikie kwamba anawasalimu.

Na wewe Baba, kama umekaa hapo na wengine unasikiliza: shikamoo, Baba yangu.

Ni mimi,
Daudi, mwana wa Lushinge