Kilima cha Mbao

Bunia, Mudzipela

Yaya Faida, mukubwa wangu,

Siye tuko, Mungu anatuchunga. Mvua inanyesha sana, pikipiki zinaanguka mu matope mbele ya nyumba. Mutoto wangu Ketsia ameanza kutembea.

Uliuliza habari ya maonyesho yangu. Nilichonga vipande vingi vya mbao, nikavitundika kwa kamba mu ukumbi wa parokia. Ukisimama ku mulango, unaona kilima chetu cha kule Nizi, miti yake, na ngombe zikishuka ku maji. Ukisogea, kilima kinapotea. Unaona mbao tu, kila moja iko mbali na ingine. Watu walipenda sana.

Kisha mama akafika. Unajua tangu tukimbie vita hajaona kwetu tena. Alisimama ku mulango, akacheka kidogo.

"Gauthier, kumbe hawakuchoma kilima chetu."

Nilitaka kumushika mukono, lakini alishaingia. Alitembea kati ya mbao akiita baba yetu, mwenye tuliacha kule bila kaburi. Alimuita polepole, kama vile alikuwa anamuita kula. Halafu akanigeukia: "Watu wetu wameenda wapi?"

Nilimurudisha ku mulango ili aone tena. Alifunga macho, akakataa kuyafungua.

Tangu siku ile anakataa kula. Analala akiangalia ukuta. Daktari anasema haoni ugonjwa. Jana nilimuletea uji, akaniambia, "Muachie baba yako."

Yaya, ukipata njia, kuya huku kwetu upesi. Pengine sauti yako ataisikia. Yangu hasikie tena.

Mudogo wako,
Gauthier