Gundi Yako, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini ulivyonilea siwezi kukucheka kabla ya kukuamkia.

Unakumbuka pikapu yako ilivyokuwa ikivuja oili? Kila asubuhi ulichomoa kadibodi uliyoilaza chini yake, ukatazama madoa, ukaniita nikushikie tochi. Kisha ukaingia uvunguni na tyubu ya gundi ya gasketi. "Tumpake nyingine, mwanangu. Huyu hashibi." Tulicheka hadi Mama akatoka na mwiko. Baadaye injini ikaanza kugonga, nasi tukazoea. Mama akiusikia mlio ule unaingia mtaani kwetu Mabawa, alikuwa anateleka chai.

Ulipotutoka, Baba Mdogo akasema pikapu iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. "Injini yenyewe maiti," alisema. Sikukubali. Ufundi niliousomea si wa kubadilisha matairi tu, na gari lile ndilo lililotulea. Mwishowe akanipa sharti: liende Horohoro mpakani na kurudi, kisha lilale bila kudondosha hata tone.

Nikafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nikajikuta nacheka peke yangu. Gundi yako, Baba. Vipande vyake vilikuwa vimemeguka kwa ndani na kuziba chujio, oili haipandi. Beringi za krenki, yaani za mhimili wa injini, ambazo sisi mafundi tunaziita metali, zilikuwa zikisagika kavu. Ulivyozidi kumtibu ndivyo ulivyozidi kumuua, masikini, na mimi nakumulikia.

Krenki nikaipeleka kusagwa, nikafunga metali mpya na sili mpya ya nyuma ya kuzuia oili. Gasketi ya sampo niliikaza bila gundi hata kidogo. Nilipowasha, injini ikatulia kabisa, machozi yakanitoka kwa furaha. Nimeiweza, Baba. Kwa mikono yangu hii.

Tulikwenda Horohoro na kurudi, Mama kando yangu akimenya machungwa na kunilisha. Asubuhi yake Baba Mdogo akaja kabla ya chai, akachuchumaa, akachomoa kadibodi, akaigeuza pande zote mbili. Ilikuwa kavu. Akairudisha chini, akauliza, "Kaburini kwa kaka, Tongoni, unanipeleka lini?"

Ijumaa tunakuja kukuzuru, sote watatu. Usitege sikio kutusikia tukikaribia. Haigongi tena.

Mimi binti yako, mshika tochi wako