Mlada Haondoki Nyumbani

Knjaževac,
Nyumbani kwa Bibi,
21 Oktoba

Mpendwa kaka Miladin,

Salamu nyingi kutoka huku ulikotuacha. U hali gani? Mgongo wako unaendeleaje na hayo matofali ya Linz? Sisi huku wazima. Bibi Stanojka anasumbuliwa na magoti tu mvua ikikaribia, ila mdomo wake una afya kuliko viungo vyote. Mimi ndiyo usiulize: nimerefuka, na masharubu yameanza kuota. Usicheke. Yanaonekana ukisogea karibu.

Barua yako nimeipata. Umeandika eti Bibi alikupigia simu akilia kwamba namuua Mlada kwa njaa, na kwamba siku ya mtakatifu wa nyumba yetu utakuja na sanduku umchukue. Umeniita mvivu asiyeweza kulisha hata kuku. Haya, asante. Jibu langu nalitanguliza usije ukahangaika kulitafuta: humchukui.

Kwanza mtazame mwenyewe ukija. Huyo boa wako, uliyemwita Mlada, yaani bibi harusi, uliponiachia kwa sababu mwenye nyumba wako huko hataki nyoka, alikuwa mwembamba kama kidole changu. Sasa ana unene wa mpini wa nyundo, na akijinyoosha anavuka upana wa meza ya jikoni. Ngozi inang'aa, ulimi unacheza, akikukaba mkono unahisi kabisa kwamba kuna mtu. Huyo ndiye maiti wako.

Namlisha hivi, na hapa shika adabu usikilize. Panya mmoja, asiyezidi unene wa kiuno chake mwenyewe, kila baada ya wiki mbili hivi. Panya wanakaa kwenye friza, upande mwingine wa kabichi za Bibi, na mpaka sasa hakuna aliyekosea mfuko. Namloweka mmoja kwenye maji ya moto mpaka apate joto bila kuiva, kisha namshika kwa koleo refu, maana vidole vyangu navipenda. Akishameza, haguswi siku mbili. Ukimbebabeba ana mlo tumboni atautapika, na hiyo ndiyo hasara yenyewe. Upande mmoja wa sanduku la kioo una joto, mwingine una ubaridi, na beseni la maji lipo, anaoga humo kama bwana.

Sasa wewe unaijua nyumba hii. Hapa hakuna anayeinuka mezani kabla mshipi haujambana. Bibi akawa anapiga kelele kila siku: "Wiki mbili! Hata mfungwa hupewa supu! Yaani bibi harusi wa watu analala njaa nyumbani kwangu?"

Jirani yetu Tihomir, yule mfuga nguruwe, naye akaja na kuku mzima mkononi. "Mpe huyu, kijana. Utaona atakavyojaa."

Nikamwambia, "Mzee Tihomir, wewe unamnenepesha wako umchinje. Mimi wangu nataka aishi mpaka nioe."

"Basi huyo hatakufa kamwe," akasema, akaondoka na kuku wake. Lakini kuku hakuingia.

Kilichoingia ni maziwa. Nilikuwa gereji, Bibi akaweka kisahani ndani ya sanduku la kioo, kama walivyowawekea nyoka wa kizingitini, walioaminika kulinda nyumba, enzi za utoto wake. Mlada hata hakukigusa. Nyoka hanywi maziwa. Ila siku zilezile macho yake yakawa meupe, rangi ya ukungu, ngozi ikafifia, na akamkataa panya. Bibi akajishika kichwa: "Maziwa yamempanda machoni! Amepofuka!" Ndipo akakupigia simu.

Nikawaambia wote, mwacheni, anataka kujivua gamba. Hakuna aliyeniamini. Nilitoa kisahani, nikanyunyiza maji, nikasimama mbele ya sanduku lake kama askari. Walininunia mpaka supu ikapoa. Sikuondoka.

Jumapili Bibi anatoka kanisani, akalikuta gamba. Zima, Miladin! Kuanzia mdomoni mpaka ncha ya mkia, hata vifuniko vya macho vimo. Nyoka aliyedhoofika gamba lake hutoka vipandevipande kama rangi ya ukuta mbovu. Na Mlada mwenyewe macho maangavu, kama vifungo vipya.

Bibi akapiga ishara ya msalaba. "Radoš, huyu si nyoka wa Miladin. Huyu ndiye mlinzi wa nyumba hii."

Nikasema, "Bibi, huyu katoka duka la wanyama, Niš."

Akanichapa na taulo. "Na wewe umetoka hospitali ya Niš. Je, si wa nyumba hii?"



Gamba sasa liko nyuma ya picha ya Mtakatifu Dimitrije. Jana Tihomir alirudi na kuku wake, Bibi akamtimua mwenyewe: "Usinivimbishie mlinzi wangu!" Na unajua wanavyosema wazee: mlinzi akitolewa nje ya kizingiti, heri ya nyumba inatoka naye. Mimi siamini sana. Ila yeye anaamini, na ameapa kwamba siku utakayokuja atakalia kizingiti, na kwa magoti yale akishakaa, mtu hamwinui.

Kwa hiyo njoo, kaka. Mkate wa mtakatifu utakatwa, nguruwe wa Tihomir atakuwa mezani, na chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, umefichiwa. Sanduku nalo lete, tutakujazia pilipili za kuchoma.

Nisalimie shemeji Ruža na mtoto wenu Lenka. Bibi Stanojka anakusalimu na anasema uvae soksi za sufu. Mlada naye anakusalimu, ila alikula jana, hivyo asiguswe.

Mungu akulinde huko juu ya majukwaa yenu ya ujenzi, akulete kwetu mzima, na akurudishe huko bila nyoka.

Wako akupendaye na asiyekuogopa,
Radoš