Kumbukumbu ya Bwana Mmh, Fundi wa Malori ya Rimoti

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu uinuke kwenye kiti cha karakana yako ukisema unakwenda kunyoosha mgongo kidogo. Ulijilaza mkekani, hukuamka tena.

Mtaa mzima ulikuletea malori yao madogo ya rimoti, yale yanayorushwa kwenye vifusi vya mchanga mpaka yanachechemea. Wengine wangebadilisha gurudumu, basi. Wewe ulichomoa kwanza pini inayoshika mkono wa gurudumu, ukaiviringisha juu ya kioo. Ikiyumba hata kidogo, ulisema, "Hii imepinda, imeshakufa," ukatia nyingine ya chuma kigumu zaidi. Kisha uliuinua ule mkono ukauachia. Ulitaka udondoke wenyewe, bila kukwama. Usipodondoka unaanza upya, hata kama mwenye lori amenuna mlangoni.

Kile kiklipu cha kufungia pini ulikibana midomoni kisipotee. Ndiyo maana Mama akikuita kula, jibu lako lilikuwa "Mmh" tu, na majirani wakakubandika jina. Ukifika mezani Mama alikinga kiganja, "Haya, lete," nawe ukakitema. Tulikucheka sana, Baba. Sasa tukikumbuka tunaumia.

Lori la mwisho uliliacha limebakiza gurudumu moja kukamilika. Mama alikataza lisiguswe. Siku moja mchana akajisahau, akaita, "Chakula tayari." Karakana ikaitika, "Mmh."

Sote tulisikia, hata Shangazi, dada yako, ambaye mambo haya alikuwa hayaamini kabisa. Tangu hapo Mama alikupakulia kila siku, akakuita, ukaitika, na chakula kikapoa. Yeye mwenyewe akawa hataki kula. Macho yanamfifia, lakini kwenda mjini kwa mdogo wake, Mama Mdogo, akatibiwe hakutaka hata kusikia. "Nikiondoka, nani atamwita?" Alikonda, Baba. Tuliogopa atakufuata.

Juzi akatuambia mwenyewe, "Mzee amechoka. Tummalizie kazi."

Mimi binti yako nilitia pini. Mama akauinua mkono, akauachia, ukadondoka. Lakini klipu haikuonekana, si kwenye makopo, si chini ya meza. Shangazi akasema twende tukanunue nyingine. Mama aliinuka. Alisogea mbele ya kiti chako kitupu, akakinga kiganja.

"Haya, lete."

Aliporudi kwetu, klipu ilikuwa kiganjani, imelowa. Shangazi akatoka nje, hakuaga.

Tukafunga pini. Jana mchana Mama aliita mara moja. Karakana ilikaa kimya. Akalia, kisha akala, akamaliza. Kesho nampeleka kwa Mama Mdogo.

Unakumbukwa na mkeo, na mimi bintiyo, na shemeji yako Mama Mdogo, na dada yako, ambaye siku hizi hasemi anaamini nini. Siku zote tutakukumbuka, Baba. Sahani yako tumeiosha, tumeirudisha kabatini.