Kliniki Iliyohama

Chebet, hujambo huko? Sisi tuko, mahindi yamekomaa, na wewe simu hupigi. Kwenye barua yako unauliza kama tuikodishie serikali nyumba yetu ya mjini iwe kliniki ya wanajeshi wastaafu.

Nikiwa bado na meno yangu yote, walikodi nyingine. Kila siku ya kliniki babu yako aling'arisha viatu vyake vya jeshi, akaenda, akarudi: "Daktari amesema niko sawa, Mama Kiprop."

Alipokufa nilifungua kadi yake ya kliniki. Mwaka mzima, hakuna muhuri. Nikaenda kuuliza. Mkataba uliisha, kliniki ikahama, pale wanauza magodoro. Mzee aliona haya kuuliza njia, na mimi mjinga nilikuwa nasifu viatu.

Wape nyumba. Lakini mkataba useme: wakihama, wamwendee kila mzee mlangoni wamwambie.

Nyanya yako, Chepsaita.