Chuo Kilimpa Nini Mwanangu?

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba sijui kama hata wewe unao, lakini nimechoka kuongea na cherehani, kwa hiyo nisome hadi mwisho na usinikatize kama wanavyonikatiza hapa nyumbani. Mimi ni mjane, fundi, nashona sare za shule, chumba cha mbele ndicho karakana na nyuma ya pazia ndiko tunakolala, na humo ndimo nilimowalea watoto wawili baada ya baba yao kutangulia, wa kwanza wa kiume na wa pili wa kike. Yule wa kiume alikuwa na kigugumizi, tena si kile cha kukwama kidogo watu wakacheka yakaisha, hapana, neno likimkwama shingo inavimba, macho yanamtoka, jasho linamtiririka, na wewe mama unayemtazama unatamani uingize mkono kooni ulitoe mwenyewe. Mtaani wakamwita Kimya. Mdogo wake yeye alizaliwa na mdomo wa watu wawili, tukamwita Redio, na jamani, betri zake hazikuwahi kuisha.

Nikuambie tulivyoishi, maana ndugu wa marehemu mume wangu wanasema chinichini eti yule mtoto sikumjali. Nilimjali hadi nikawa mdomo wake. Akianza tu "ch-ch-ch" mimi nimeshajua, ni chumvi, haya mpitishie mwenzio chumvi, akitumwa dukani anaenda na Redio, Redio wa kusema na yeye wa kubeba, zahanati daktari akimuuliza unaumwa wapi najibu mimi, na shuleni nilikwenda kwa miguu yangu nikampigia mwalimu mkuu magoti kwamba huyu asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake, na mwalimu mkuu akakubali, na mwanangu akamaliza shule bila kuchekwa darasani. Sasa hayo kama si mapenzi ni nini?

Alipofaulu akasema anataka ualimu. Mshauri, nilicheka, nilidhani ni mzaha. Nikamwambia wewe na ualimu wapi na wapi, utafundisha kwa ishara kama trafiki? Akatabasamu, nami nikajisemea moyoni watamwona wenyewe, watampa kazi ya ofisini ya kupanga mafaili. Akaenda. Kila likizo alirudi yuleyule Kimya wangu, anakaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani ananikatia nyuzi, mimi naongea, Redio anaongea, yeye anatabasamu. Sikuona alichoongeza huko. Hata mwili hakuongeza.

Mwaka wake wa mwisho akaugua hukohuko chuoni, homa ya uti wa mgongo, walianza kunipigia simu kwamba kichwa kinamuuma, na nilipofika hospitali nilimkuta ameshafunikwa shuka. Nisamehe, hapo sitaendelea, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Msibani likaja basi zima la wanachuo wenzake. Akasimama binti mmoja mrefu, akaanza kumsema marehemu, kwamba ndiye aliyekuwa akiendesha majadiliano yao, kwamba maji yakikatika bwenini yeye ndiye anayetumwa kwa mkuu wa chuo kuwasemea, kwamba alipokwenda mazoezi ya kufundisha watoto walikuwa wanamkimbilia getini asubuhi, na kwamba chuo kizima kilimwita Spika. Spika! Nikadhani wamekosea msiba. Nikasimama nikawaambia hivyohivyo, mmekosea msiba, mnayemsema simjui, mwanangu mimi alikuwa haongei. Yule binti akaniambia taratibu, "Alikuwa anakwama, mama. Sisi tulikuwa tunamsubiri tu." Moto ukanipanda kichwani, nikawaambia watoke. Mbele ya watu wote. Wakatoka, wakapanda basi lao hata chai hawajanywa, na ndugu wakanitazama kama nimevua nguo hadharani. Sikujali. Mwanangu nilimzaa mimi, kwa nini wageni wawe na kipande chake ambacho mimi sina?

Sasa ndiyo nafika kwenye shida yenyewe. Redio naye amefaulu, na amepangiwa chuo kilekile. Shangazi yake anasema lazima aende, kufa ni popote, mjomba wake anasema tukimzuia tutakuwa tumeua wawili, shangazi anaongeza kwamba mtoto hawezi kuondoka bila radhi ya mama na kwa hiyo mimi ndiye mchawi wa nyumba hii. Na mimi nimesema hapana. Hatii mguu pale. Kile chuo kimeniibia mtoto mara mbili, kwanza kikamgeuza mtu nisiyemjua, halafu kikanirudishia sanduku. Kinafunguliwa Jumatatu ijayo, na nyumba ni vita kila siku. Redio mwenyewe tangu msiba betri zimekwisha, hasemi, lakini mimi ni mama yake, namsoma usoni, najua anataka kwenda na najua ananichukia.

Juzi nilikuwa narudi kutoka kumpelekea mteja sketi zake, nikasikia sauti ya mwanaume nyuma ya pazia. Nikashika mkasi. Kumbe ni kaka yake. Wale wenzake walimrekodi siku moja anafundisha, wakamtumia Redio kwenye simu, na mtoto huyu alikuwa anasikiliza peke yake bila kuniambia. Nikasimama palepale. Mshauri, alikuwa anaongea. Anakwama, lakini anaongea. Alikuwa anawaambia wanafunzi, "Mwenzenu akikwama kusoma, m... m... m..." kukawa kimya, darasa zima la watoto wadogo na hakuna aliyecheka, hakuna aliyekohoa, nasikia ile pumzi yake inavyohangaika, na mimi pale nyuma ya pazia mdomo ukanitoka wenyewe, nikasema kwa sauti, "Msaidieni!"

Naye akasema, "Mngojeni. Mngojeni amalize mwenyewe."

Halikuwa neno langu. Mshauri, halikuwa neno langu hata kidogo. Tangu hapo nashona nakosea, nimepachika mikono ya shati nje ndani, najiuliza ile chumvi ilikuwa chumvi kweli, au alitaka chai, au lilikuwa chozi alilotaka nilione? Na wale madaktari wote niliowajibia mimi? Redio akafungua pazia akanikuta, akanitazama, akafumbua mdomo kama mwenye neno, nikamwahi, nikamwambia najua unachotaka kusema, nenda kafue.

Niambie ukweli hata ukiniuma. Chuo kilimpa nini mwanangu ambacho mimi mama yake sikumpa? Na huyu aliyebaki nimruhusu, au nimzuie wanichukie wote liwe moja?

Fundi wa Sare

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole sana. Kumzika mtoto hakuna dawa, na anayekwambia utazoea ni mwongo, mimi sitakwambia hivyo. Lia kadiri utakavyo. Ukimaliza, rudi usome, maana nina ya kukuambia na mengi hayatakufurahisha.

Umeuliza chuo kilimpa nini. Wengine wangekujibu cheti, kazi, mshahara. Mwanao hakupata hata kimoja, amekufa kabla. Ndiyo maana swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu tukiyaondoa hayo yote tunaona kilichobaki. Alifika mahali ambapo hakuna mtu aliyemjua tangu utotoni. Basi, ndicho hicho. Hakuna aliyejua kwamba yeye ni Kimya. Akikwama, wale wageni hawakujua neno gani linakuja, kwa hiyo iliwabidi wangoje. Ninyi mlijua, au mlidhani mnajua. Akangojewa mara ya kwanza, akangojewa ya pili, akagundua kumbe ana la kusema na kumbe watu wanalitaka. Hicho hakiandikwi kwenye cheti chochote, lakini alikipata na akakitumia akiwa hai, mbele ya watoto wa watu. Usiseme ulirudishiwa sanduku tu.

Na usidhani napigia chuo debe. Nimeshapokea barua za kutosha za waliotoka chuoni na majivuno matupu, na wengine na chupa, na wapo wanaoingia na kutoka bila kupata hata mtu mmoja wa kuwasikiliza. Chuo ni majengo. Mwanao alibahatika na watu.

Ulimpenda? Ulimpenda, nani kakwambia hukumpenda? Asingepata ujasiri wa kusimama mbele ya darasa kama hakuwa ameshiba mapenzi kwanza. Lakini ulimpenda kwa haraka, Fundi. Hukuweza kuvumilia kumwona akihangaika, ukamwondolea mahangaiko pamoja na neno lake. Yale uliyommalizia, mengine yalikuwa yake na mengine hayakuwa, na lipi ni lipi hutajua tena. Sina namna ya kulilainisha hilo. Utaishi nalo.

Wale wanachuo uliowafukuza, ulikosa adabu na unajua ulikosa. Walibeba msiba wao wakauleta kwako, ukawatoa na njaa. Mtafute yule binti mrefu kwa simu, mwambie nisamehe mwanangu, kisha mwambie nisimulie. Baada ya hapo nyamaza uambiwe mtoto wako alikuwa nani. Utaumia, lakini hakuna mahali pengine utakapompata.

Haya, sasa kilichonifanya niiweke barua yako juu ya nyingine zote. Nimeisoma mara ya pili na ya tatu nikitafuta kitu kimoja, sikukiona. Shangazi amesema. Mjomba amesema. Wewe umesema, tena umesema hasa. Redio amesema nini? Hakuna. Umeniandikia "najua anataka kwenda, najua ananichukia." Umejuaje, mama? Umesoma usoni! Alipofumbua mdomo pale kwenye pazia, ukijua fika umetoka kusikia nini dakika ileile, ulimwambia unajua anachotaka kusema, ukampeleka kwenye nguo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu yupo, mnakula naye sahani moja, na lake halipo. Umeshaanza kwa wa pili, Fundi, na huyu hata kigugumizi hana.

Huenda kweli anataka kwenda. Huenda hataki hata kuliona geti la chuo ilikotoka maiti ya kaka yake, ila anamwogopa shangazi. Huenda anataka chuo kingine, au anataka kukaa mwaka mzima akikukatia nyuzi kwenye kile kigoda. Huenda anataka tu mtu wa kulia naye, maana kumbuka, wewe ulifiwa na mtoto, yeye alifiwa na kaka ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimsemea, na hakuna aliyemuuliza anaendeleaje. Mimi sijui. Wewe hujui. Anayejua mnaye ndani.

Kwa hiyo leo, si kesho, zima cherehani. Funga mlango wa mbele, mteja akigonga mwache agonge, sare haiozi. Shangazi na mjomba waambie wasikanyage hapo. Mwombe Redio muisikilize ile sauti ya kaka yake pamoja, mwanzo hadi mwisho, na kama mdomo utakuwasha jizibe na kitambaa, kwako havikosekani. Kisha muulize, "Wewe unataka nini?" Usiongeze neno. Usimpe majibu ya kuchagua, usimwambie "sema tu usiogope," usimshike bega. Atanyamaza. Utaona midomo inatetemeka na utakuwa na uhakika unalijua linalokuja. Hulijui. Tulia hapohapo ulipokaa.

Akisema anakwenda, mpe radhi nzima isiyo na kinyongo, msindikize hadi getini, ulie wakati wa kurudi. Akisema haendi, shangazi mlete kwangu nitamalizana naye. Na asiposema kitu, usimsaidie. Keshokutwa muulize tena. Jumatatu ikifika bado hajasema, iache Jumatatu ipite. Chuo hufunguliwa kila mwaka, mama. Mtoto umebakiwa na huyo mmoja.